Komeo la Jikoni

Siku ya arubaini ya Mgiriki mwenye mkahawa, Moraa aliutia komeo mlango wa jikoni kwa mara ya kwanza tangu awe mpishi wake.

Maana marehemu alikuwa na ugonjwa mmoja. Kila aliyeingia mkahawani, awe waziri au mchuuzi wa makaa, alimshika mkono akampeleka jikoni, akamfunulia masufuria. "Onja kwanza!" Nusu ya mtaa wa Muyeye ilishiba kwa kuonja, ikajifuta midomo, ikaaga. Moraa alipigana nao kwa upawa mpaka mpini ukalegea.

Leo alipika kwa raha zake. Wali na mchuzi wa pweza vikapakuliwa, vikapelekwa mezani kwa heshima.

Lakini havikuliwa. Alipochungulia, aliwaona wageni wameziinamia sahani kama watoto waliokemewa. Kisha mlango ukabishwa, polepole.

"Hodi, mama," ilikuwa sauti ya mzee muuza samaki. "Tumekuja kuyapa pole masufuria."

Moraa akalitazama sufuria kubwa. Kifuniko chake kilikuwa kimebonyea pale Mgiriki alipozoea kukigonga kwa pete yake kabla ya kukifunua, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani.

Akalivuta komeo.

"Onja kwanza," akasema.

Mzee akanyoosha mkono kwenye kifuniko. Upawa ukamshukia vidoleni, pa!

"Alhamdulillahi," mzee akasema akivipuliza vidole, machozi yakimlengalenga. Akawageukia wenzake waliojipanga mpaka barabarani. "Njooni! Sasa ndiyo arubaini."