Moto wa Tunu

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe 14 Machi 1998, fundi alipoifungua mashine ya mchezo wa ngumi kwenye banda la gemu, Temeke.

"Tajiri kasema wageni wanapigwa mno, wanakimbia," alisema. "Sasa mtu anabonya kitufe hiki chekundu tu, mpiganaji wake kwenye kioo anarusha moto. Njia ya zamani nimeifuta."

Mzee wa banda alikunja uso. Hao wakubwa wanaamua tu, wakati hawajawahi hata kushika kijiti cha mashine!

Marehemu mkewe, Tunu, alikuwa akiutoa moto huo kwa kijiti: chini, nyuma, chini, halafu gumba lilifanya kitu ambacho jicho halikukiwahi. Kijiti kililika upande mmoja, alama ya gumba lake.

"Hicho cha mwisho nitakufundisha nikitoka," alimwambia wodini. Hakutoka. Tangu hapo mzee alikitafuta kitu hicho kwenye kijiti kila asubuhi kabla ya kufungua banda.

Msichana mgeni akaingia. "Shikamoo, babu." Akabonya, moto ukatoka, akacheka. "Kumbe rahisi hivi! Zamani mlikuwa mnafanyaje?"

Mzee akalaza gumba pale palipolika. "Chini," alisema. "Nyuma. Chini."

"Halafu?"