Nani Kawalisha Samaki?

Jioni ya nne mfululizo alifungua mlango na, hata kabla ya kuvua viatu, akaona maji ya tangi yameingia ukungu tena. Meupe kama maji ya kuoshea mchele. Mheshimiwa alikuwa juu kabisa, mdomo nje, anavuta hewa kwa shida.

Mheshimiwa ni samaki, mkubwa kuliko wenzake wote tangini. Jina alilipata kwa kitambi chake na tabia ya kutompisha mtu. Mume ndiye aliyemnunua mwaka walipooana, wakiwa bado na chumba kimoja na godoro la chini. Miaka tisa sasa, na watoto Mungu hajawajalia. Kwa hiyo mume alipoondoka kwenda kwenye kazi ya kuchimba visima, safari ya siku mbili kwa basi, alimshika mkewe mabegani. "Nakuachia kitu kimoja tu," alisema. "Asife."

Na mke si mtu wa kubahatisha. Ni mpimaji wa maabara. Wenzake kazini wanamwita Mama Vipimo. Alilisha kama alivyofundishwa: mara moja kwa siku, asubuhi, chembe za kushikwa kwa vidole viwili. Kila jioni alitoa robo ya maji na kuongeza mengine yaliyokaa kwenye ndoo siku nzima, ili dawa ya bomba ipungue. Sponji ya chujio aliikamua ndani ya maji yale yale ya tangi. Asubuhi anaondoka tangi linang'aa. Akirudi, ukungu.

Alimpigia mumewe. Mtandao wa huko ulikuwa wa kubembeleza.

"Unawalisha kupita kiasi," mume akasema.

"Haki ya Mungu, chembe tu!"

"Basi yanachafuka yenyewe? Kitu kimoja, mke wangu. Kimoja tu nilikuachia."

Maneno hayo yalimchoma mpaka akashindwa kula.

Kesho yake alichota maji kwenye chupa akayapeleka dukani kwa mama anayeuza samaki wa mapambo. Yule mama akaiinua chupa kwenye mwanga, akanusa, akakunja uso.

"Chujio lako halina kosa. Hiki ni chakula kimeozea majini. Hapo nyumbani kuna mkono wa pili, tena mkono usiojua kazi. Wewe unalisha kwa vidole, mwenzako anamwaga kwa ngumi."

"Kwa sasa naishi peke yangu."

"Basi samaki wako wanajipikia, dada."

Alicheka kwa adabu tu. Lakini asubuhi iliyofuata, baada ya kulisha, alichukua kalamu akachora mstari kwenye kopo la plastiki, sawasawa na chakula kilipoishia. Jioni chakula kilikuwa kimeshuka chini ya mstari, upana mzima wa kidole. Loo!

Alikagua madirisha, kabati, droo. Mkufu wake wa dhahabu ulikuwepo. Hakuna kilichoguswa. Alichokiona ni alama za vidole tu, chini kabisa ya kioo cha tangi karibu na changarawe, na hizo alizifuta akidhani ni zake, za jana alipopiga magoti kunyonya uchafu kwa mpira.

Funguo za nyumba zilikuwa tatu. Mmoja wake, mmoja wa mume, na mmoja wa akiba kwa wifi yake, dada wa mume, anayekaa mtaa wa pili. Hapo damu ikamchemka. Si huyo huyo aliyewahi kusema mbele ya wakwe kwamba nyumba ile inalea samaki? Na wifi huyo huyo alipolazwa mwaka jana, si yeye mke ndiye aliyemlisha uji kwa kijiko wiki mbili nzima?

"Wifi, naomba ufunguo wangu."

"Sinao. Niliurudisha siku nyingi."

"Uliurudisha kwa nani? Mbona mimi sijaupokea?"

Wifi alishusha pumzi ndefu. "Mimi usiniingize kwenye mambo yenu," akasema, akakata simu.

Mambo yenu! Jamani, mtu aue samaki mchana kweupe, kaka yake arudi akute maiti inaelea, ndoa ya watu iingie doa, halafu ajitie hayumo! Alilia kwa hasira, palepale jikoni, kitambaa cha vyombo usoni.

Jumatatu aliomba ruhusa kazini mapema. Alirudi nyumbani, akaficha viatu, akajibanza chumbani nyuma ya mlango aliouacha wazi kidogo, simu mkononi tayari kurekodi. Hakumwambia mumewe kitu. Alitaka ampelekee ushahidi kamili, ajue mkewe hana kosa.

Simu iliwaka bila mlio. Ujumbe wa mume: *Huku mvua kubwa, mashine zimesimama. Mheshimiwa anaendeleaje?*

"Subiri kidogo, baba," alinong'ona, na kwa mara ya kwanza baada ya siku kadhaa akatabasamu.

Saa saba na nusu ufunguo uliingia kwenye kitasa. Mlango ule hukwama. Mgeni huusukuma hata mara tatu. Huyu aliuinua kidogo tu, ukafunguka. Viatu vikavuliwa. Kifuniko cha kopo kikalia.

"Leo nawalisha mimi tena, baba?" Ilikuwa sauti ya mtoto wa kike, wa kama miaka minne hivi.

"Wewe tena, mwanangu. Lakini kwa vidole, si kwa ngumi," akajibu mumewe. "Na usiguse kioo. Shangazi mwenye nyumba hii akirudi kazini ataona alama."