Uso wa Muuza Vitumbua

Siku hizi filamu haihamishwi kutoka kwenye diski mpaka kila uso uliomo uwe na kibali cha mwenyewe. Mbuzi tu ndio waliosamehewa. Asiye na kibali, mashine humvika uso mwingine, kisha huisaga diski.

Mwanaidi alilijua hilo. Lakini diski yake ilishaanza kukwama, na ndiyo pekee iliyomwonyesha marehemu mama yake, aliyeigiza muuza vitumbua kwa dakika mbili.

“Marehemu hatoi kibali, dada,” fundi Chuwa, mwenye mashine, alimtania alipompelekea diski. “Mpe uso wako. Mmefanana mpaka pua!”

Mwanaidi akacheka, akaitazama kamera ya mashine ichukue uso wake. Diski ikasagwa ikawa unga wa kijiko kimoja.

Nyumbani, baba yake alipiga makofi mbele ya runinga. “Ndiye! Mtazame anavyojidai!”

Mwanaidi aliuona uso wake mwenyewe ukipuliza makaa. Akafumba macho ili amkumbuke mama. Mama akaja, anapuliza makaa, kwa uso uleule wa kwenye runinga.

“Rukia,” baba akamwita kwa jina la mama, akimsogezea kiti. “Ulikuwa wapi siku zote hizi?”