Kupimwa Mara Mbili

Mwenye mkokoteni alikuwa ameshapakia cherehani, meza ya kukatia na kiti chenye mto wa matambara. Ndani lilibaki sanduku la bati lenye kufuli, chini ya rafu ya vitambaa.

"Na hilo," mama alisema. "Lisilale humu leo."

Mwenye mkokoteni alilivuta kwa mkono mmoja. Halikusogea. Akauliza kama mzee wamemficha humo. Mjomba alicheka peke yake.

Zilikuwa zimepita siku tisa tangu wamzike babu. Kurwa hakuwa amelia. Alifagia, alipika, alipokea wageni, alirudisha viti vya majirani. Usiku alilala kama kawaida, akaamka kama kawaida. Mama naye hakulia, ila yeye alikuwa na sababu na aliitaja mbele za watu: machozi yake yaliishia kwa Doto.

Doto, pacha wa Kurwa, alikufa akiwa na miaka sita, kwa homa ya siku tatu. Mpaka hapo babu alikuwa akiwashonea wote wawili kitambaa kimoja, mshono mmoja, majirani wakachoka kuulizana yupi ni yupi. Siku ya mazishi alirudi kutoka makaburini, akakaa kwenye cherehani, akashona mpaka giza. Wiki ile ile akafungua daftari la vipimo, ambamo kila mtu wa nyumba alikuwa na ukurasa wake, akauchana wa Doto. Mama alimwona. Hakumuuliza, naye hakueleza. Kwa miaka thelathini na miwili jina lile halikutoka mdomoni mwa babu. Mama alimpikia, alimfulia, na kila asubuhi alimsalimia kama mtu anavyomsalimia mpangaji.

Hata kwa mambo mengine hakuwa mtu wa maneno. Pini zilishinda midomoni mwake. Ukimuuliza kitu, anakujibu kwa nyusi. Chai aliiacha mpaka ikapoa, kisha akalalamika kwamba nyumba hii haijui kuchemsha maji. Mjomba alikuwa akisema kwamba suti waliyomzika nayo ina mkono mmoja mrefu, na mzee atarudi tu kuupunguza.

Kila Januari alimshonea Kurwa gauni, tangu shule mpaka utu uzima. Na kila mara alimpima mara mbili. Kifua, kiuno, urefu, anaandika, halafu anaanza upya, kana kwamba amemwona sasa hivi. Kurwa alipomtania kwamba uzee umeingia, alisema utepe wa kupimia umechakaa, unavutika. Kurwa akamnunulia mpya. Akaendelea kupima mara mbili. Mwaka Kurwa alipokuwa mjamzito, alimpima mara moja, akaukunja utepe.

"Ya pili njoo ukishajifungua," alimwambia.

Sasa mjomba alisimama mlangoni na daftari lile mkononi. Alimwomba dada yake aseme neno moja tu kabla vitu havijaondoka, kwamba amemsamehe baba yao. Mkokoteni ukishakata kona, alisema, atakuwa anagombana na chumba kitupu.

Mama alilichukua daftari, akalifungua bila kutafuta. Katikati palibaki ukingo wa karatasi uliochanika.

"Mwanangu alikuwa hapa," alisema. "Nimsamehe kwa lipi? Pakieni sanduku."

Kurwa alisema angalau waone kilichomo, isije ikawa ni nguo za wateja, watu wakaja kuziulizia. Ufunguo haukuonekana. Mwenye mkokoteni alipiga kufuli nyundo mbili, likaachia.

Juu palikuwa na gauni la bluu lenye vifungo vyeupe, limepigwa pasi, halijavaliwa. Chini yake lilikuwepo jingine, na jingine. Mjomba aliliinua la bluu, akalisimamisha hewani kama anayecheza nalo dansi.

"Dada, hili si la mtoto," alisema. "Mzee alikuwa na nyumba ndogo. Tuna mama wa kambo mahali."

Mama hakucheka. Alikaa kitako sakafuni, akamnyang'anya lile gauni, akaliweka mapajani.

"Kumbe moyo alikuwa nao," alisema. "Ila aliupeleka kwingine."

Kurwa aliangalia gauni la bluu, kisha akaangalia alilovaa. Kitambaa kilikuwa kile kile. Vifungo vile vile. Alifikiri ni mabaki, lakini mabaki hayatoshi gauni zima.

Akapiga magoti, akaanza kutoa. La kijani la mwaka jana. La mistari. La maua ya njano la mwaka alipojifungua. Yote aliyajua, yote alikuwa nayo kwake kabatini. Aliyapanga sakafuni moja moja, bila haraka, kama anayetoa vyombo kwenye karai. Kadiri alivyozama ndani ya sanduku, ndivyo magauni yalivyokuwa madogo. Viuno vikapotea. Mikono ikafupika. Mjomba alishusha macho. Chini kabisa palikuwa na gauni la mtoto wa miaka saba, lenye mfuko mmoja.

Mama alishtuka, akatazama kidole chake. Tone la damu. Pini ilikuwa imechomekwa ndani ya kola ya gauni la bluu, na ilikuwa imeshika karatasi kuukuu iliyokunjwa, yenye upande mmoja uliochanika.

Alilivuta daftari, akaiweka karatasi kwenye ule ukingo. Ilikaa sawasawa.

Ilikuwa imejaa mbele na nyuma kwa mwandiko wa babu: kifua, kiuno, urefu, mwaka chini ya mwaka, mpaka Januari ya mwaka huu. Na juu kabisa, jina moja: Doto.