Kibuyu cha Nyangi

Mjini hakuna kinachooza tena, wala maziwa hayagandi. Watoto huzaliwa na matumbo yasiyo na kijidudu hata kimoja cha kusaga chakula, kwa hiyo huishi kwa dawa. Mtoto wa Bhoke aliitapika dawa, akalazwa hospitali. Mama mkwe wake, Nyangi, akaja kutoka kijijini na kibuyu cha mtindi wenye vijidudu hai vya kumpa mtoto, amekificha ndani ya khanga.

Yeye na Bhoke waliporudi kutoka kumchukua mtoto hospitali, walimkuta Marwa, mume wa Bhoke, anapanga vyombo.

"Mama, kile kibuyu kilikuwa kinanuka. Nimemwaga uchafu wote, nikakiosha kwa sabuni na maji ya moto."

Nyangi alitia maziwa mapya, akakifunga kibuyu mgongoni kipate joto.

Kila asubuhi Bhoke huyaonja. Bado ni matamu, hayajaanza kuchachuka.