Viboko Wamekaa Pabaya

Kiboko wa kwanza alimmeza Bwanaheri hata kona ya pili hajafika.

“Boti yako nzito hii,” akalalama, akamrudishia mwanawe simu.

“Imebeba boriti, baba. Itaachaje kuwa nzito?”

Ridhiwani alikuwa anajifunza kutengeneza gemu kwa kuangalia video. Walimu wa humo wote wimbo wao mmoja: ya kwanza iwe ndogo, chagua kitu unachokijua. Sasa yeye hapa Mbwera anajua nini? Anajua mikoko. Anajua vijito. Anajua baba yake anavyopitisha boriti zisizo na kibali bila kukutana na boti ya doria. Basi akachora hivyo hivyo, kona kwa kona, mpaka ule mkato wa nyuma unaopitika bamvua tu, maji yakijaa kupita kiasi. Askari wa doria ndio akawageuza viboko.

Bwanaheri alipoelewa viboko ni akina nani, alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

“Jina langu hujaliweka humo?”

“Sijaweka.”

“Haya. Bonyeza, bonyeza. Siku ikikuletea kibaba cha mchele uniite.”

Hiyo ilimchoma Ridhiwani. Akaenda Kibiti kwenye mtandao wa maana, akaipakia gemu yake kwa jina la Ridhiwani wa Mbwera, akasubiri. Kimya. Watu walikuwa wanaifungua, wanaliwa, wanaifuta.

Isipokuwa mmoja, Salumu. Huyo alikuwa akiliwa anarudia, akiliwa anarudia, mpaka akaimaliza. Kisha akaandika: “Kaka, tamu kinoma. Huo mkato umeutunga au upo kweli?”

Ridhiwani akajibu hapo hapo. “Upo kabisa. Bamvua unapita na mzigo wako, hakuna wa kukuona.”

“Ila viboko umewaweka pabaya. Waweke mdomoni mwa mkato, hapo hachomoki mtu. Natamani sana tuonane.”

Akarudi Mbwera mbio. “Baba, nimepata mtu, anaitwa Salumu. Ameimaliza, anataka kuniona. Itakuwa kazi hiyo.”

Safari hii Bwanaheri hakucheka. “Basi hongera, mwanangu. Nisaidie mzigo huu wa mwisho, maji yamejaa. Huyo Salumu wako kesho nitakupeleka mwenyewe.”

Wakapita mkato kimya kimya, boriti zikigusa maji. Walipotokeza mdomoni, palikuwa na boti imefungwa kwenye mkoko, mashine imezimwa. Kijana mwenye sare akainua macho kutoka kwenye simu yake.

“Ridhiwani, eeh?” akasema. “Si nilikwambia viboko wakae hapa?”