Uhakiki wa Kitabu cha Porini

Siku hizi uhakiki hauandikwi. Unampa mwenzako usomaji wako wenyewe, na kichwani mwako haubaki tena. Kisaka aliwagawia wenzake wa kikundi cha wasomaji usomaji wake wa vitabu vya vita, kimoja baada ya kingine, bila hata kuguna. Jana akawapa na wa kile cha kuishi porini.

Leo mvua imenyesha, gesi imekwisha, na bintiye Nakiete amemletea kuni zilizolowa.

"Baba, washa kama ulivyonifundisha tulipokisoma kile kitabu cha porini."

Kisaka akazikodolea macho. Simu ikaita. Alikuwa mwenzake wa kikundi.

"Uhakiki mtamu, ndugu yangu! Hasa pale moto unaposhika, katoto kanaruka kakipiga makofi. Ni kako?"

Kisaka akamgeukia bintiye. "Mwanangu, hivi uliwahi kuruka?"

"Si tuliruka sote, baba?"